Loshuu ya Kornelia Haina Haraka

Machi 8, Jumamosi

Mimi Sirili wa Uru, mlimani juu ya Rau, nina miaka themanini na mbili na meno kumi na tisa, yote yangu. Nimewazika ndugu zangu wanne, makatekista watatu, na lori mbili za kahawa, moja nikiwa utingo na ya pili nikiwa dereva. Nimeona watu wakijenga nyumba kwa kahawa, nikaona watoto wao wakiing'oa ile mibuni wapande nyanya. Daktari mmoja aliniambia moyo wangu hautafika Krismasi. Mimi nilifika, yeye tulimzika Novemba. Na mke wangu Kornelia nimemzika, mwaka wa sita sasa. Hilo sijisifii.

Daftari hili kaniletea mjukuu wangu Pamela, anayesomea mambo ya mbegu chuo cha kilimo huko Morogoro. Alisema, "Babu, andika tarehe tatu tu. Siku ya kusia, siku ya kupandikiza, siku ua la kwanza litakapotoka." Tarehe tatu! Nimesoma mpaka darasa la nne, na zamani darasa la nne lilikuwa darasa. Sipewi daftari la kurasa mia mbili nikaandika tarehe tatu.

Jambo lenyewe ni loshuu. Kwa asiyeijua, ni mboga ya majani, ndugu ya sukuma wiki, jani pana lenye uchungu kidogo. Kila mtu huku juu anayo. Lakini loshuu ya watu inachumwa wiki chache tu, halafu shina linarefuka, maua ya njano yanatoka, majani yanakuwa madogo na magumu kama ngozi ya kiatu, basi, mboga imekwisha. Loshuu yangu mimi ilikuwa inachumwa kuanzia Mei mpaka kupita katikati ya Agosti. Baridi yote ya Juni na Julai wenzangu wanakula maharage matupu, kwangu sufuria ni kijani. Watu wakipita njiani walikuwa wanasema, ile ndiyo loshuu ya Sirili. Nami nilikuwa nasimama karibu nisikie.

Miaka hii imeanza kuwahi. Mwaka jana kufika Juni shamba lilikuwa njano tupu. Ni mbolea hizi. Ni mvua za siku hizi. Na ni yule shemeji yangu wa Mkuu, Rombo, Mektrida, mdogo wake Kornelia, aliyeniibia mbegu wakati wa msiba. Mtu akiibiwa mbegu, baraka inaondoka na mwizi. Habari zake nitaziandika siku hasira ikipungua.

Machi 10

Nimesia. Kitalu kiko kando ya mfereji, samadi ya kutosha, majani ya mgomba juu. Mbegu ni za kibuyu changu. Nazichagua mwenyewe kila mwaka: mimea inayotangulia kutoa ua ndiyo naiacha ikomae, nakausha, napukuchua. Wa kwanza ndiye mwenye nguvu. Mimi nilikuwa wa kwanza kitongoji hiki kuwa na redio, wa kwanza kuezeka bati, wa kwanza kufika na kahawa mashineni mpaka wakaniita Saa Kumi na Moja. Hata mwanangu wa kwanza nilimwita Primus. Kornelia alikuwa kinyume. Kanisani tulikuwa tunaingia padri ameshaanza mahubiri. Nilikuwa namwambia, Mama Primus, wewe hata siku ya kiama malaika watakusubiri mlangoni.

Machi 15

Mvua.

Machi 16

Zimeota. Za jirani yangu Mathew bado. Nimepita kwake kumjulia hali.

Machi 23, Jumapili

Mathew ni jirani yangu na ndiye katekista wetu. Ni mdogo kwangu kwa miaka mitatu, anajifanya ni thelathini. Leo baada ya ibada alisoma mipango ya sikukuu ya kigango, kanisa letu dogo la huku juu, tarehe kumi na tano Agosti, Kupalizwa kwa Bikira Maria. Nani ataleta ndizi, nani atatoa mbuzi, nani atapika mbege, pombe yetu ya ndizi. Alipofika kwenye mboga akavua miwani.

"Mboga tukanunue mjini tena kama mwaka jana, Mzee Sirili? Au kwako yatabaki maua tupambe altare?"

Watu wakacheka. Wanawake ndio walicheka zaidi, kwa sababu wao ndio waliochambua ile mboga ya mjini, nusu yake imeoza.

Nikasimama. Nikasema mboga mwaka huu itatoka kwangu, vikapu saba, loshuu, na atakayeona ua hata moja anilete mbele ya kanisa nipige magoti.

Mathew akasema, "Andikeni hilo."

Hellen, mkwe wangu, mke wa Primus na mama yake Pamela, alitembea mbele yangu mpaka nyumbani. Mlangoni akasema, "Baba, vikapu saba?" Nikamwambia hata vinane.

Aprili 14

Nimepandikiza. Mistari kumi na miwili, kila mmoja miche ishirini. Mia mbili na arobaini. Mgongo unaniuma lakini hilo halimhusu mtu.

Aprili 21, Jumatatu ya Pasaka

Pamela amekuja tangu Ijumaa Kuu. Ananipa shikamoo kisha hapo hapo anaanza kunihoji kama polisi. Leo alikuwa na kidude cha kutobolea, anatoboa jani moja moja, kijiduara kama cha tiketi ya treni, anatia kwenye kichupa, anaandika namba. Nikamuuliza unaipeleka mboga yangu hospitali?

"Naipeleka maabara, babu. Tutasoma vinasaba vyake. Ndani ya kila mmea mna maagizo uliyorithi kwa wazazi. Mengine yanasema toa ua. Mengine yanashikilia, yanasema bado, subiri."

"Kama breki."

Alicheka akapiga makofi. "Hasa, breki! Baridi ikikaa siku nyingi, breki inaachia taratibu, mmea unatoa ua. Mimea yenye breki kali inangoja baridi ndefu ipite. Yenye breki laini, baridi kidogo tu, imeshaachia."

Breki nazijua. Nimeshuka na tani saba za kahawa kutoka huku juu mpaka mjini, matope, hakuna lami. Hiyo habari nilimpa yote. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza kitu ambacho sikukipenda.

"Bibi alikuwa anachukua mbegu kwenye mimea ipi?"

"Ya shambani."

"Ipi ya shambani, babu? Ya mwanzo kutoa ua, au ya mwisho?"

Nikamwambia mbegu ni mbegu, na bibi yako alikuwa anafuata ninachomwambia. Nikaenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe hakuwa na tatizo lolote.

Mei 6

Mvua siku ya tisa. Mfereji umefurika, nimezibua. Pamela amesharudi chuo.

Mei 19

Nimechuma mara ya kwanza. Jani moja linafunika sahani. Nimempelekea Mathew fungu, nikamwambia akaliombee.

Mei 27

Pamela, tarehe yako ya tatu hii hapa. Mimea mitatu imetoa ua. Ni wiki kumi na moja tangu kusia. Mitatu kati ya mia mbili na arobaini si kitu.

Mei 30

Ishirini na sita.

Juni 2

Baridi imeshuka kutoka mlimani, asubuhi unaona pumzi yako. Yenye ua ni tisini na moja. Mathew amepita njiani, akasimama. Akachuma ua moja akalichomeka kwenye kofia yake akaenda zake.

Juni 4

Leo nitaandika mpaka kalamu ichoke.

Asubuhi nilikuwa nimesimama katikati ya mistari. Njano kushoto, njano kulia, nyuki wanaimba kama wamealikwa. Nikasema moyoni, angalau mbegu nzuri nitapata, nichague hii iliyotangulia. Nikainama nikaishika shina. Mkono ukasimama.

Nimekumbuka. Ilikuwa Juni pia, mwaka ambao Primus alivunjika mkono. Nilirudi na lori mapema nikamkuta Kornelia shambani anang'oa loshuu yenye maua, anaitupa kwa mbuzi. Mimea mizuri, mirefu, iliyotangulia! Nikapiga kelele, "Mwanamke, unang'oa mbegu hizo!" Hata hakugeuka. Akasema, "Hizi zina haraka, Baba Primus. Sizitaki kibuyuni." Nilikwenda kusimulia kilabuni jioni ile, tukacheka, mke wa Sirili analisha mbuzi mbegu.

Nimekumbuka na vitambaa. Kila mwaka kanga yake ikichakaa aliichana vipande vyembamba, vyekundu, anafunga kwenye mashina machache, upande wa migomba. Mimi niliamini ni vya kutishia ndege. Ndege hawajawahi kuogopa. Ile mimea yenye vitambaa ndiyo ilikuwa ya mwisho shambani, Agosti nzima inasimama peke yake, na mimi nasema mbona huyu mwanamke hamalizi kusafisha shamba. Alipokufa nilikuta fungu la vitambaa ndani ya kibuyu juu ya mbegu. Nilivifungia nyanya.

Kumbe swali la Pamela lina jibu. Kornelia alikuwa anachukua za mwisho. Mimi miaka sita nachukua za kwanza. Yeye maisha yake yote alikuwa anachagua breki kali, mwaka baada ya mwaka, anazitenga, anazifunga kitambaa ajue ni zipi. Mimi nimekuwa namchagua dereva asiye na breki, nampa lori, na mwaka unaofuata namtafuta aliye mbaya kuliko huyo.

Si mbolea. Si mvua. Na ile kwamba baraka imeibwa, hiyo nitaifikiria kesho.

Juni 5

Sikufikiria.

Juni 6

Nimemwambia Hellen wakati anakamua. Nilimweleza yote, breki, vitambaa, mbuzi. Akaendelea kukamua.

"Nilikuwa najua, baba."

"Unajua nini?"

"Mama alinionyesha. Zenye haraka anazing'oa, zinazochelewa anazifungia."

"Na miaka sita unaniangalia tu!"

"Mwaka wa kwanza nilikwambia. Ulisema niende jikoni."

Nimejaribu kukumbuka kama nilisema hivyo. Inafanana na mimi.

Juni 8, Jumapili

Nimempigia Pamela. Nilimwambia maabara yake haina haja, nimegundua mwenyewe. Alifurahi mno, mpaka nikaona ajabu. Akasema mimea ambayo haijatoa ua mpaka sasa, hiyo ndiyo niilinde, niifunge vitambaa, mingine yote ning'oe kabla nyuki hawajachanganya.

"Na itarudi kama ya bibi?"

"Itarudi, babu. Breki kali inaweza kuwa imebaki kwenye mimea michache. Ukichagua ya mwisho kila mwaka, labda miaka sita. Labda minane."

"Pamela, mimi nina themanini na mbili."

Nikamsikia anapekua karatasi zake. Kisha akauliza, "Hakuna mtu aliyepata mbegu ya bibi kabla haijabadilika? Hata kidogo?"

Nikasema hakuna.

Niliandika kwa mkono wangu, ukurasa wa kwanza wa daftari hili, nani anayo. Lakini mdomo ulisema hakuna.

Juni 9

Nimeng'oa mia moja na sitini na mbili. Ng'ombe ameshiba. Mathew alikuja uani akauliza kama nimechanganyikiwa. Nikamwambia ni kilimo cha kisasa. Bila ua: 78.

Juni 13

Bila ua: 52.

Juni 17

Baridi. Bila ua: 31. Hellen amenipa kanga yake ya zamani nichane. Ya bluu, lakini si neno.

Juni 20

19.

Juni 24

11. Vikapu saba! Hizi hazijazi kofia.

Juni 28

Tano.

Julai 3

Mmoja. Uko mwisho wa mstari wa nne, karibu na migomba, mahali pale pale pa vitambaa vya Kornelia. Nimeuzungushia uzio wa fito. Hellen anasema nimeuzungushia vizuri kuliko nilivyomzungushia ng'ombe.

Julai 5

Nimekaa nao asubuhi nzima. Si kwamba nazungumza na mboga. Nilikuwa nanoa panga, nikaamua kulinolea pale.

Julai 8

Umetoa ua.

Julai 9

Sasa habari ya Mektrida, kama ilivyokuwa, si kama nilivyoisimulia miaka sita.

Ilikuwa siku ya kugawa nguo za marehemu. Ndugu wa Kornelia walikuwa wamekuja kutoka Rombo, uani tulikuwa watu kama hamsini. Kila mmoja alipewa chake, huyu kanga, huyu sweta. Mektrida akasema, "Nguo kaeni nazo. Mimi nipeni mbegu ya loshuu ya dada." Nikasema mbegu ni za kihamba hiki, shamba la ukoo wangu, haziendi popote, na loshuu inaitwa ya Sirili. Akaingia jikoni, akatoka na kiasi cha konzi moja, akakifunga kwenye ncha ya kanga mbele ya macho yangu, akapiga fundo. Kibuyu kilichojaa alikiacha kikining'inia. Nikamwita mwizi. Nilimwita kwa sauti ya kuitia lori lililo ng'ambo ya mto. Aliondoka bila kula, na msibani kwetu mtu haondoki bila kula.

Mwizi gani anaiba mchana mbele ya watu hamsini na kuacha kibuyu?

Kibuyu nimekimaliza mimi. Kama kuna mbegu ya Kornelia duniani leo, iko katika ile konzi.

Julai 10 na 11

Nimekaa. Nimesema siendi. Nimesema labda amekufa, lakini ningesikia. Nimesema Pamela aende, ni mtoto wa chuo, atapewa. Hellen akasema, "Baba, Pamela hakumwita mtu mwizi."

Julai 12, Jumamosi

Nimekwenda.

Alfajiri nilikata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba. Wachagga wanajua, asiyejua nitamweleza: ukimkosea mtu unampelekea jani la sale, na akiletewa hawezi kukufukuza. Mimi nimeletewa masale mara nyingi, nimesamehe watu wengi, hata wenye makosa makubwa. Kupeleka sijawahi. Stendi ya Moshi nililificha ndani ya koti, likatokeza shingoni. Konda wa basi la Rombo, kijana wa Kichagga, akaliona.

"Shikamoo mzee. Umemkosea nani?"

"Marahaba. Funga mlango."

Nikafika Mkuu jua limeshapanda. Mektrida anakaa nyuma ya soko, nyumba ina mlango wa kijani. Nilimkuta uani anamenya maharage mabichi. Amezeeka, lakini shingo ni ile ile ya Kornelia, mpaka ikabidi niangalie pembeni.

"Hodi."

"Nani?"

"Sirili."

"Sirili ninayemjua mimi hana miguu ya kufika hapa."

Nikatoa jani, nikalinyoosha kwa mikono miwili. Akaliangalia. Akarudi kwenye maharage. Mila inasema aliyeletewa sale lazima apokee, haisemi apokee saa ngapi. Nilisimama na jani mkononi, mimi, Saa Kumi na Moja, mpaka akamaliza sinia nzima. Majirani wawili wakaja kuazima chumvi ambayo hawakuihitaji.

Mwisho akajifuta mikono akalipokea.

"Shemeji, umekuja kuomba msamaha au kuomba mbegu?"

"Vyote."

"Kipi kwanza?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mengi, niliyapanga tangu basi lilipopita Himo. Nikasema, "Hukuiba. Nilikusingizia mbele ya watu, na dada yako hajamaliza siku kumi kaburini. Nisamehe."

Akaliweka jani juu ya sinia. "Umechukua muda."

"Miaka sita."

"Kwa mtu wa kwanza kufika kila mahali," akasema, halafu akaanza kucheka, na kicheko pia ni cha Kornelia.

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Pamela, sijui nikuandikie vipi. Ilikuwa Julai kumi na mbili, Mkuu kuna baridi kama kwetu au kuzidi, na loshuu ile imesimama kiunoni, majani kama masikio ya tembo, kijani cha kukolea, hakuna ua hata moja. Nilipita mistari yote kutafuta ua. Sikuwa natafuta kosa, nilitaka tu kuhakikisha.

"Kwa nini hakuniambia?" nikauliza.

"Dada? Alikwambia. Alisema ukiambiwa kitu leo unakipuuza, na kesho kutwa unakisimulia kama chako. Akaona bora akuachie jina, yeye abaki na kazi."

Nikala maharage niliyopewa.

Nikamwambia habari ya vikapu saba. Akasema mboga nitapata, nije na gari tarehe kumi na nne. Lakini mbele ya kigango chote nitasema ni ya nani. Nikauliza, na mbegu?

"Mbegu sikupi," akasema. "Ua la kwanza likitoka nitakupigia simu. Utakuja mwenyewe, utang'oa zenye haraka kwa mkono wako, utafunga vitambaa kwenye zinazochelewa. Nikikuona umeweza, zikikauka utachukua."

"Mimi nimelima tangu wewe hujazaliwa."

"Najua. Dada alinisimulia ulivyolima."

Julai 20

Mambo ya kawaida. Nimempigia Pamela nikamwambia ukweli kwamba niliposema hakuna, alikuwepo. Hakunisema. Ameomba vijiduara vya majani ya Mkuu. Nikamwambia aombe kwa mwenyewe.

Agosti 6

Pamela amefika Mkuu kabla sijarudi huko, ametoboa majani yake, ameyapeleka Morogoro.

Agosti 14

Vikapu saba, pikapu ya kijana wa Njoro. Mektrida amekuja navyo, amekaa mbele na dereva. Mimi nimekaa nyuma na mboga. Hellen alimpokea kwa kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, na maziwa ya mgando, na safari hii hakuondoka bila kula.

Agosti 15, Sikukuu

Vikapu vilipangwa mbele ya jiko la kigango. Mathew alikuja na miwani, akapekua kikapu cha kwanza, cha pili, mpaka cha saba. Hakupata ua.

Akaniita mbele ya watu. "Mzee Sirili, nakiri. Tupige makofi kwa loshuu ya Sirili!"

Makofi yakapigwa. Pamela, ungeniona. Watu mia tatu, na mimi nayapenda makofi, Mungu anajua. Ilibaki kidogo tu nikae na makofi yangu. Mektrida alikuwa amesimama kwenye mstari wa wanawake, ameshika upawa, ananiangalia bila kunisaidia.

Nikasema, "Siyo ya Sirili. Ni loshuu ya Kornelia. Yangu ilitoa ua Mei, mliiona. Yeye ndiye aliyeichagua miaka arobaini, za mwisho, za mwisho, mpaka ikajua kusubiri. Mimi nilichagua za mwanzo nikaiharibu kwa miaka sita. Na iliyopona ilipona kwa Mektrida yule pale, niliyemwita mwizi. Baadhi yenu mlikuwepo. Hakuwa mwizi."

Hapakuwa na makofi. Kisha mama mmoja mzee wa kwaya akasema kwa sauti, "Si tulikuwa tunajua ni ya Kornelia!" Na wanawake wote wakacheka, wote, miaka arobaini walikuwa wanajua, na mimi nasimama njiani nisikie jina langu.

Mathew akanishika bega. "Hukuapa kupiga magoti kwa hili," akasema.

"Magoti yanauma," nikamwambia. "Nipe sahani."

Nilikula mara tatu.

Agosti 16

Mvua kidogo. Nimelala mchana.

Agosti 27

Pamela amepiga simu. Majani yangu ya Aprili, karibu yote yamerithi breki laini kwa baba na kwa mama. Ule mmoja wa mstari wa nne ulikuwa na moja kali na moja laini. Ya Mkuu ni kali kwa kali, isipokuwa michache. Nikasema hiyo michache ndiyo itakayotangulia. Akauliza nimejuaje. Nikamwambia mimi si mtu wa kuuliza maabara.

Septemba 2

Mektrida amepiga saa moja asubuhi. "Limetoka la kwanza. Una haraka?"

"Sina."

"Basi njoo."

Septemba 3, Mkuu

Minne ina maua. Mirefu kuliko yote, imenyooka, imetangulia, ukiiona unaipenda. Mektrida ameleta kiti mlangoni akakaa anitazame.

Nimeing'oa yote minne. Ya mwisho ilikuwa ngumu kutoka, mizizi imeshika, nikadhani nitaanguka nayo. Nimeipeleka kwa mbuzi wake. Mbuzi hakushangaa.

Kisha nikazunguka na kanga nyekundu aliyonipa, nachana, nafunga. Alisema hii ilikuwa ya dada yake, aliiacha Mkuu safari ya mwisho. Nimefunga polepole. Mektrida alisema polepole mno, giza litaingia. Nikamwambia shemeji, niache.

Mbegu zitakomaa mwishoni mwa mwaka. Machi nitakuwa na themanini na tatu nikiwa hai, na nitasia. Nisipokuwepo atasia Hellen, anajua kuliko mimi, na kibuyu nimeshamwonyesha mahali pake, ingawa alikuwa anapajua.

Haya yote niliyoandika, mashahidi ni hawa. Hellen, aliyeniambia mwaka wa kwanza nikamtuma jikoni. Mathew katekista, aliyekagua vikapu saba kwa miwani. Konda wa basi la Rombo aliyeliona sale. Mektrida, aliyekuwa kwenye kiti mlangoni na hakunisaidia kung'oa hata mmoja. Na asiyewaamini hao apande gari aje Mkuu, nyuma ya soko, mlango wa kijani. Ahesabu vitambaa vyekundu. Ni kumi na nne, nimevifunga mimi, na ua hakuna.